Jakarta inadidimia, Tokyo imesimama: kosa ni la maghorofa?

Swali la msomaji: "Shikamoo mhandisi. Mimi ni mwanafunzi wa mipango miji, mwaka wa tatu, naishi Tabata, Dar es Salaam. Darasani tulionyeshwa picha za Jakarta inavyodidimia, tukaambiwa chanzo ni uzito wa maghorofa na wingi wa watu, na kwamba miji yetu ijifunze kutawanyika badala ya kwenda juu. Lakini Tokyo ina watu wengi na maghorofa tele, na nimesoma kwamba nayo ilikuwa ikishuka, ikaacha. Iliwezaje? Na yale majengo ya Singapore na Uchina yaliyovikwa miti toka chini mpaka juu, ndiyo mfano wa kufuata? Ningependa tasnifu yangu iwe juu ya jambo hili ila sijui pa kuanzia."

Marahaba, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara tatu, na nitakujibu kwa urefu, kwa sababu tasnifu ikianza na chanzo kisicho sahihi itakupotezea mwaka mzima.

Jibu fupi: kilichoididimiza Jakarta, kule Indonesia, kwa sehemu kubwa ni visima. Uzito wa majengo unachangia, na udongo ambao kijiolojia bado ni mpya hushuka wenyewe kidogo kidogo hata usipoguswa. Wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani cha kila kimoja. Lakini miji ya Asia iliyofanikiwa kuzuia ardhi isishuke haikubomoa ghorofa hata moja. Ilifunga pampu. Na iliweza kufunga pampu kwa sababu kwanza ilileta maji mengine. Hilo la pili ndilo ninalotaka ulishike, maana wengi hulisahau.

Tuanze na udongo. Jakarta, na Tokyo ya upande wa mashariki, zimekaa juu ya tope lililoletwa na mito kwa maelfu ya miaka: tabaka la mchanga, tabaka la mfinyanzi, mchanga tena, mfinyanzi tena, kwenda chini sana. Maji yamejaa katikati ya chembe za udongo huo, na kwa shinikizo lake yanasaidia kubeba kila kilichoko juu. Ukizamisha bomba ukayanyonya, mchanga hautikisiki sana. Mfinyanzi ndio unaokamuka polepole, chembe zinalaliana, tabaka linakuwa jembamba, na uso wa nchi unashuka. Fikiria godoro la pamba. Likiwa jipya limenyanyuka. Likilaliwa miaka kumi linakuwa bapa, na hata ukilianika juani ukalipiga fimbo, halirudi kimo chake cha dukani. Mfinyanzi nao ukishabanwa ndiyo basi. Rudisha maji yote uliyoyatoa, utapata nyuma kipande kidogo tu cha kimo ulichopoteza.

Huko Japani watu walishangaa kuona mabomba ya chuma ya visima yakichomoza kutoka ardhini mwaka hadi mwaka, utadhani yanaota. Mguu wa bomba ulikuwa umesimama kwenye tabaka imara chini, na ardhi ya juu ilikuwa ikishuka na kuliacha. Ghorofa lililojengwa juu ya nguzo zilizopigwa hadi tabaka gumu hufanya vilevile. Lenyewe linabaki pale pale, na barabara, mitaro na nyumba za chini zinazolizunguka zinashuka, mpaka mwenye jengo analazimika kuongeza ngazi mlangoni. Hapo jiulize: kama uzito ndio chanzo kikuu, mbona jengo zito kuliko yote mtaani ndilo lililobaki juu?

Sasa Tokyo. Kata ya Koto, mashariki ya jiji, ilikuwa nchi ya viwanda, na kila kiwanda kilikuwa na kisima chake. Wapimaji waligundua mapema katika karne ya 20 kwamba alama zao za kimo zinashuka, na kwa muda mrefu hawakukubaliana kwa nini. Wengine walisema ni matetemeko, wengine uzito. Mwishoni mwa miaka ya 1930 mwanasayansi Kiyoo Wadati, yule yule aliyejulikana kwa kuchunguza matetemeko ya kina kirefu, alionyesha huko Osaka kwamba kushuka kwa ardhi kunafuatana na kushuka kwa maji ya chini. Kisha vita vikaleta jaribio ambalo hakuna mtafiti angethubutu kulipanga. Viwanda viliteketezwa kwa mabomu mwaka 1944 na 1945, pampu zikanyamaza, na ardhi ikaacha kushuka. Viwanda vilipofufuka miaka ya 1950, ikaanza tena.

Utaniambia majengo nayo yaliungua, kwa hiyo uzito pia ulipungua. Ni hoja nzuri, na ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa alama kwa kuitoa. Ila angalia kilichofuata. Mwaka 1956 Japani ilipitisha sheria ya kudhibiti maji ya visima vya viwandani, na mwaka 1962 ikapitisha nyingine kwa maji yanayotumika ndani ya majengo, ya kupozea hewa na kadhalika. Mwaka 1964 viwanda vya Koto vilianza kuletewa mtandao wa pekee wa maji ya viwandani, na maji hayo yalikuwa maji taka ya jiji yaliyosafishwa. Hata gesi asilia iliyokuwa ikitolewa pamoja na maji ya chumvi chini ya eneo hilo, serikali ya jiji ilinunua haki za uchimbaji wake mwaka 1972 ili ikomeshwe. Mwaka 1968 kulikuwa na mahali Tokyo palipokuwa pakishuka zaidi ya sentimita 20 kwa mwaka mmoja. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 kushuka kulikuwa kumesimama karibu kabisa. Na ni tangu miaka hiyo hiyo ya 1970 ndipo Tokyo ilipojenga maghorofa marefu kuliko wakati wowote katika historia yake. Uzito uliongezeka, na ardhi ikatulia.

Angalia tarehe hizo vizuri. Sheria ya kwanza 1956, maji mbadala 1964, matokeo miaka ya 1970. Ingekuwa sheria peke yake, viwanda vingekufa au vingechimba usiku kwa siri. Mwenye kisima hakatazwi kisima. Anapewa bomba, kisha ndipo anakatazwa.

Na bomba lenyewe walilitunza. Katikati ya miaka ya 1950 Tokyo ilikuwa ikipoteza takribani asilimia 20 ya maji yake kwa mabomba yanayovuja. Siku hizi inapoteza kama asilimia 3. Mafundi wao hutembea usiku, jiji likiwa limetulia, wanagusisha fimbo ya chuma ardhini, wanaweka sikio kwenye ncha yake na kusikiliza mvujo. Naipenda picha hiyo kuliko picha ya jengo lolote refu la Asia. Wanafunzi wengi huniletea picha ya lile tangi kubwa la chini ya ardhi kule Kasukabe, lenye nguzo 59 na paa kama la hekalu, lililokamilika mwaka 2006 ili kupokea mafuriko ya mito midogo kaskazini mwa Tokyo. Ni kazi ya kustahili heshima. Lakini hilo linashughulika na maji ya mvua. Ardhi ya Koto iliokolewa na kitu kisichopigika picha, yaani pampu iliyozimwa.

Isikupite kwamba walichelewa. Sehemu ya Koto iliyoathirika zaidi ilikuwa imeshuka takribani mita 4 na nusu, na kama nilivyosema juu ya godoro, haikurudi. Hadi leo watu wengi sana wa Tokyo ya mashariki wanaishi chini ya usawa wa bahari ikijaa, nyuma ya kuta na milango ya maji, na pampu za kutoa maji haziwezi kulala. Hiyo ni gharama ya kudumu ya miaka hamsini ya visima. Likaja na jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: maji ya chini yaliporudi kupanda, yalikuta stesheni za treni zilizojengwa chini wakati maji yalikuwa yameshuka, yakaanza kuzisukuma juu. Stesheni ya Ueno ya treni za kasi ililazimika kuwekewa makumi ya maelfu ya tani za chuma ili isiinuliwe. Stesheni ya Tokyo ilifungwa kwa nanga zilizochimbiwa ardhini. Maji yanayojipenyeza kwenye handaki la Stesheni ya Tokyo yalikuwa mengi na safi kiasi kwamba tangu 2002 yanapelekwa kwa bomba hadi mto Tachiai, uliokuwa ukinuka, ili kuusafisha.

Njoo sasa Jakarta. Bahari iko kaskazini, milima kusini, na mito 13 inapita katikati. Vitabu vyako vya darasani bila shaka vinasema Tokyo ndiyo jiji kubwa duniani. Takwimu za Umoja wa Mataifa za 2025 zimeiweka Jakarta pamoja na miji inayoizunguka juu yake, takribani watu milioni 42 kwa milioni 33. Waholanzi walipochimba visima virefu vya kwanza hapo katika karne ya 19, mji ukiitwa Batavia, maji yalipanda yenyewe hadi juu kwa shinikizo lake. Leo sehemu nyingi unayafuata kwa pampu makumi ya mita chini ya usawa wa bahari. Muara Baru, mtaa wa bandari ya wavuvi, ulishuka takribani mita 4 kati ya 1974 na 2010. Karibu asilimia 40 ya jiji iko chini ya usawa wa bahari. Novemba 2007, bila tufani yoyote, bamvua kubwa, yaani bahari kujaa kupita kawaida, lilivuka ukuta, likaingia mitaani na kuifunika barabara ya uwanja wa ndege. Huko Muara Baru uko msikiti wa Wal Adhuna uliobaki upande wa nje wa ukuta. Bahari imeingia ndani yake, na miaka zaidi ya ishirini sasa hakuna anayeswali humo.

Usije ukaandika kwenye tasnifu yako kwamba watu wa Jakarta ni wazembe. Mtu hachimbi kisima kwa kupenda, anachimba kwa sababu bomba halikumfikia, au limemfikia na halitoi. Mito 13 inapita mlangoni mwake na haifai kunyweka, kwa sababu sehemu ndogo sana ya jiji ina mabomba ya maji taka, na uchafu wote unaishia mtoni. Kwa hiyo maji ya kusafishwa inabidi yatoke mbali, mengi kutoka bwawa la Jatiluhur kwa mfereji wa wazi wenye urefu wa makumi ya kilomita. Yakishafika na kusafishwa, zaidi ya asilimia 40 yanapotea njiani, kwa kuvuja na kwa kuibwa. Anayekaa mwisho wa bomba, kaskazini, ambako ndiko ardhi inashuka zaidi, ndiye anayepata tone la mwisho. Huko mitaani maji yanauzwa kwa madumu yanayosukumwa kwenye mkokoteni, na maskini analipia dumu moja bei ambayo mwenye bomba hawezi kuikubali. Hilo halihitaji maelezo ya ziada, wewe wa Dar unalijua.

Mwaka 1998 kazi ya maji ya Jakarta ilikabidhiwa kampuni mbili binafsi kwa mkataba wa miaka 25. Mkataba ulipokwisha mwaka 2023, takribani theluthi moja ya wakazi walikuwa bado hawana bomba. Robo karne nzima! Katika muda kama huo Tokyo ilikuwa imeandika sheria, imejenga mtandao wa pili na imeisimamisha ardhi yake. Mimi sina ugomvi na kampuni kwa kuwa tu ni ya binafsi, na nimeona mashirika ya umma yaliyolala usingizi mzito zaidi. Ninachosema ni kwamba mkataba wa maji katika mji unaodidimia ulipaswa kupimwa kwa idadi ya visima vilivyofungwa, na haukupimwa hivyo.

Siku hizi kuna dalili njema. Kanuni ya gavana ya mwaka 2021 ilipiga marufuku, kuanzia tarehe 1 Agosti 2023, majengo makubwa ya maeneo yaliyotajwa, yenye ghorofa 8 na kuendelea au yenye eneo la mita za mraba 5,000 na zaidi, kutumia maji ya kisima. Wameanza na wakubwa, wenye bomba tayari mlangoni. Mpangilio huo ni sahihi. Mtandao unapanuliwa pia.

Lakini fedha kubwa na hotuba kubwa ziko kwenye ukuta. Mradi wa kuikinga pwani ya Jakarta ulizinduliwa 2014, na ramani yake ya awali ilikuwa na visiwa vya kujazwa baharini kwa umbo la Garuda, ndege wa hadithi aliye nembo ya Indonesia. Sasa serikali ya Rais Prabowo inazungumzia ukuta wa mamia ya kilomita kwenye pwani ya kaskazini ya Java, kwa gharama inayokadiriwa kufika dola bilioni 80. Naelewa woga unaozaa ukuta. Aliyekaa Muara Baru usiku wa bamvua anahitaji ukuta leo, hawezi kungoja bomba la miaka kumi. Ila ukuta umesimama juu ya udongo ule ule na unashuka nao, kwa hiyo kila baada ya muda unaongezewa kimo. Na ukiifunga ghuba wakati maji taka ya jiji bado yanaingia mtoni, umetengeneza karo lenye ukubwa wa ghuba, kisha unahitaji pampu za kuitoa mito 13 nje kuelekea baharini, mchana na usiku, kwa umeme usiokatika. Ukuta bila kufunga visima ni kuongeza ndoo za kukumba maji huku chombo kinazidi kutoboka. Ningekuwa na kura, ningetaka kila fungu la fedha la ukuta liambatane na fungu la mabomba ya maji safi na maji taka nyuma yake, lisitoke moja bila jingine.

Kuhamisha makao makuu kwenda Nusantara, Borneo, jambo lililotangazwa mwaka 2019, sitalizungumza sana. Serikali inaweza kuhama na mafaili yake. Watu zaidi ya milioni 10 wa jiji lenyewe hawahami.

Kabla ya kukuachia Jakarta, nikupe miji miwili zaidi kwa haraka, kwa sababu kila mmoja umefunga pampu kwa njia tofauti. Bangkok ilitumia bei. Sheria ya maji ya chini ilitungwa 1977, tozo ikaanza 1985, ikiwa ndogo mno kiasi kwamba haikumsumbua mtu. Ikapandishwa na kupandishwa, na mwaka 2004 ikaongezewa tozo ya pili ya hifadhi, mpaka maji ya kisima yakawa ghali kuliko ya bomba. Hapo wenye viwanda wakafanya hesabu wenyewe. Sehemu zilizokuwa zikishuka zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 siku hizi zinashuka kama sentimita moja au mbili. Shanghai ilifanya jambo la werevu zaidi. Viwanda vyake vya nguo vilikuwa vinavuta maji ya chini wakati wa kiangazi kwa ajili ya kupoza mitambo. Katikati ya miaka ya 1960 vikaanza kuingiza maji baridi ya majira ya baridi ndani ya visima hivyo hivyo, yakakaa chini yakiwa baridi, kisha yakatolewa kiangazi kwa kupozea. Ardhi ikapata shinikizo lake, kiwanda kikapata ubaridi wa bure. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilisimama kwenye kiti.

Sasa turudi kwa ile hoja ya darasani, kwamba tutawanyike. Hapa sikubaliani na mwalimu wako, kwa heshima zote. Chukua mita 100 za bomba kwenye mtaa wa majengo ya ghorofa kumi: zinahudumia mamia ya familia. Chukua mita hizo hizo kwenye viwanja vipya vya pembezoni mwa Dar, nyumba moja moja na ukuta wake: familia nane, labda kumi. Mtaro ni vivyo hivyo, bomba la maji taka ni vivyo hivyo, njia ya basi ni vivyo hivyo. Mji ukitawanyika, bomba halimalizi kuufuata, na kila asiyefikiwa anachimba kisima na shimo la choo ndani ya ua mmoja. Msongamano ni mzigo pale ambapo watu wamekuja kabla ya mabomba. Mabomba yakitangulia, au hata yakichelewa kidogo, msongamano ndio unaofanya huduma iwe ya bei nafuu. Singapore na Hong Kong zisingeweza kumfikishia kila mkazi maji ya bomba kwa ufanisi huo kama watu wao wangekuwa wametapakaa.

Na usikubali kuambiwa kwamba haya yanawezekana kwa matajiri tu. Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, si jiji la mamilioni makumi, lakini mwaka 1993, nchi ikitoka kwenye vita, mtandao wake wa maji ulikuwa umeoza. Robo tu ya wakazi walikuwa na bomba, na takribani asilimia 72 ya maji yalikuwa yanapotea au kuibwa, mengine na wafanyakazi wenyewe wa shirika. Alipewa kazi mhandisi Ek Sonn Chan. Aliweka dira ya maji kwa kila mteja, akawafukuza wezi, akawalipa vizuri waliobaki, na akapandisha bei hatua kwa hatua huku maskini wakisaidiwa gharama ya kuunganishwa. Amesimulia jinsi jenerali mmoja alivyomwekea bastola kichwani alipokwenda kumfungia dira. Alirudi na askari na waandishi wa habari, maji yakakatwa, na jenerali akalipa. Ndani ya takribani miaka 15 upotevu ulishuka hadi kama asilimia 6, chini ya miji mingi ya Ulaya, na shirika likawa linajiendesha. Mwaka 2010 shirika hilo lilitunukiwa tuzo ya maji huko Stockholm. Ninaposimama mbele ya wahandisi vijana huwa ninawasimulia habari hii kabla ya nyingine zote.

Swali lako la majengo yaliyovikwa miti. Yanapendeza, yanapunguza joto la ukuta na la mtaa, na Singapore inayatunza vizuri kwa sababu ina fedha na ratiba ya kuyatunza. Chengdu, Uchina, walijenga makazi ya aina hiyo yenye nyumba 826, yakakamilika 2018. Miaka miwili baadaye mimea ilikuwa imefunika vibaraza, mbu wamejaa, na familia chache tu zilikuwa zimehamia. Jengo la miti ni bustani, na bustani inataka mtunzaji na maji. Ukinimwagilia bustani ya ghorofa ya ishirini kwa maji ya kisima juu ya mfinyanzi, nitalia.

Kama unataka kijani chenye kazi, nenda Bangkok kwenye bustani ya Chuo Kikuu cha Chulalongkorn iliyofunguliwa 2017 na kusanifiwa na Kotchakorn Voraakhom. Aliiinamisha nchi nzima ya bustani upande mmoja, paa la jengo lake likiwa limepandwa nyasi kwenye upande wa juu, ili mvua iteremke ikichujwa na mimea hadi bwawa lililoko chini. Inahifadhi karibu lita milioni 4. Kwa jiji la Bangkok hizo ni tone, yeye mwenyewe hadai vinginevyo. Lakini kila tone lililokaa kwenye bustani halikuingia sebuleni kwa mtu. Singapore nako, kwenye bustani ya Bishan, walivunja mfereji wa zege wa mto Kallang wenye kilomita 2.7 wakaurudisha kuwa mto unaojipinda katikati ya majani, kazi iliyokamilika 2012. Mvua ikinyesha mto unajitanua ndani ya bustani, ikikatika watoto wanarudi kuchezea kingo zake.

Tuje kwenye tasnifu yako. Usiandike juu ya Jakarta na Dar kana kwamba ni mapacha, udongo haufanani na kiasi cha maji kinachovutwa hakifanani. Nairobi kwa mfano imekaa juu ya mawe ya volkano. Visima vyake vinazidi kukauka na kurefushwa, lakini mwamba haubonyei kama mfinyanzi. Kwenye pwani yetu, kitu kitakachoonekana kwanza kabla ya ardhi kushuka ni chumvi. Ukivuta maji matamu haraka kuliko mvua inavyoyarudisha, bahari inajongea chini kwa chini, na siku moja mama mwenye kisima anaona chai imebadilika ladha. Unakumbuka mgao wa maji wa mwishoni mwa 2021, mto Ruvu ulipopungua sana? Mtaani kwako, ni nyumba ngapi ziliitegemea Ruvu tu, na ngapi zilikuwa na kisima? Siku hizi jiji lina visima virefu vya umma pia, kule Kimbiji na Mpera, vinavyofika kwenye hazina kubwa ya maji chini kabisa. Sivipingi. Ila Tokyo ilipima kimo cha maji na kimo cha ardhi miaka mingi kabla ya kuelewa, na kwa sababu ilipima, ilipofika siku ya kuamua ilikuwa na ushahidi mkononi.

Kwa hiyo anzia Tabata. Chagua mtaa mmoja, nyumba kama mia. Uliza kila nyumba ina bomba au kisima au vyote, kisima kina urefu gani, kilichimbwa mwaka gani, maji yana chumvi au la, na bomba hutoka siku ngapi kwa wiki. Ukipata wazee wa mtaa, waulize kisima cha kwanza walikikuta maji futi ngapi. Azima kipimo cha chumvi cha kutumbukiza, ni kidogo kama kalamu, na upime mwenyewe badala ya kuandika unachoambiwa. Nenda mara mbili, mwisho wa masika na mwisho wa kiangazi. Ukishapata daftari hilo, niandikie tena, nami nitakuelekeza jinsi ya kulichora kwenye ramani.